Salamu Kwanza, Picha Baadaye



Juma hili tumepokea swali kutoka kwa mama mmoja anayeishi Dar es Salaam. Mumewe ni mtoto wa Dongobesh, lakini watoto wao hawajawahi kukanyaga nchi ya babu yao. Likizo ya Juni anakusudia kuwaleta, pamoja na jirani zake wawili ambao hawajapata kufika Kanda ya Kaskazini. Anatuuliza: huko Mbulu na Hanang kuna nini cha kuona, na wakati wa kurudi wanunue nini? Tungeweza kumjibu kwa mistari mitano. Lakini swali hili linawagusa wengi, wale wanaokuja na sisi tunaowapokea, na jibu lake si orodha ya mahali tu. Kwa hiyo tumeona tulifanye kuwa tafakari ya juma.

Sisi wenyewe si wazaliwa wa nchi hii. Tulitumwa huku kwa utume, na kwa miaka kadhaa tumekula chakula cha watu wake, tumebatiza watoto wao na kuzika wafu wao. Kwa hiyo tunaitazama kwa macho mawili, moja la mgeni na jingine la mwenyeji, na yote mawili tutayatumia hapa.

Msafiri anayetoka Arusha hufuata barabara ya lami mpaka Makuyuni. Hapo magari mengi ya watalii hugeuka kulia kuelekea Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Asiyegeuka huendelea hadi Minjingu, Magugu na Babati, kisha barabara ya Singida humfikisha Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, chini kabisa ya mlima. Anayekwenda Mbulu anaweza kupitia Karatu, wilaya ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Mbulu, au apande ukingo wa Bonde la Ufa kwa njia ya Magara, yenye kona za kumfanya hata dereva hodari anyamaze. Kona ile ya Makuyuni inaeleza mengi. Karatu wamepata hoteli, kazi na soko la mboga kwa sababu mgeni hupita kwao akienda kuona wanyama. Kwetu mgeni haji kwa bahati ya njia. Anayefika huku amekusudia kufika, na aliyekusudia kufika anastahili kuandaliwa.

Tuanze basi na ya kuona. La kwanza ni Mlima Hanang. Ni volkano iliyozimika, yenye kimo cha mita zipatazo 3,420, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa mlima wa nne kwa urefu nchini Tanzania. Umesimama peke yake juu ya tambarare, kwa hiyo huonekana kutoka mbali sana. Ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na anayetaka kupanda hufika kwanza kwa maofisa wake, akalipia kibali na kupewa mwongozaji. Mtu mwenye afya njema huweza kupanda na kushuka kwa siku moja ndefu akianza kabla ya mapambazuko. Wengi hupenda kulala mlimani usiku mmoja. Achukue maji ya kutosha, kwa maana huko juu hatayapata, na achukue koti zito, kwa maana Juni na Julai ni miezi ya baridi kali. Miezi ya ukame, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndiyo inayofaa kupanda.

Kwa upande wa kaskazini, kati ya mlima na ukuta wa Bonde la Ufa, lipo Ziwa Balangida. Maji yake ni ya chumvi, na ukame ukizidi hupungua mpaka ardhi nyeupe ikabaki waziwazi. Wenyeji huivuna chumvi hiyo, na mifugo huipenda. Upande wa magharibi, mwendo wa saa moja au zaidi kutoka Katesh, lipo Ziwa Basotu, ziwa la kasoko lenye maji baridi, viboko, wavuvi na ndege wengi wa majini. Ni maziwa mawili chini ya mlima mmoja, moja la chumvi na jingine la maji ya kunywa. Mwalimu wa jiografia angetamani kuwaleta wanafunzi wake wote hapa.

Mbulu ni nchi ya namna nyingine. Ni miinuko, ukungu wa asubuhi, misitu kama Nou ambayo ndiyo chemchemi ya mito yetu, na Ziwa Tlawi karibu na misheni ya zamani. Karibu na mji wa Mbulu, katika nyanda za Kainam, ipo nchi ambayo Wairaqw huiita Irqwar Da'aw, kitovu chao cha zamani. Huko mgeni ataona mashamba yaliyokatwa kwa matuta kwenye miteremko mikali, mbolea ya zizi ikirudishwa shambani na maji ya mvua yakiongozwa yasiibebe ardhi. Hayo hayakufundishwa na bwana shamba. Yalikuwapo kabla ya serikali ya kikoloni kufika. Akiuliza vizuri ataonyeshwa pia mahali zilipokuwa nyumba za zamani zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, paa la udongo likiwa karibu sawa na ardhi, ili wavamizi wa ng'ombe wapite juu wasijue kama chini yao kuna zizi. Watoto waliozaliwa mjini wanafaa kuliona jambo hili. Watajua kuwa babu zao walikuwa wahandisi, ingawa hawakuwa na cheti.

Lakini utajiri mkubwa kuliko yote ni watu wenyewe. Wataalamu wa lugha wanasema kwamba sehemu hii ya Tanzania ni mahali pa pekee barani Afrika ambapo makundi yote makubwa manne ya lugha za bara hili yanakutana. Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, wanasema lugha ya Kikushi, yenye ndugu zake huko Ethiopia. Wadatoga, na miongoni mwao Wabarbaig wa Hanang, wanasema lugha ya Kiniloti. Wanyaturu, Wanyiramba na Wairangi walioingia na wanaopakana nasi ni Wabantu. Katika Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, wanaishi Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa matunda, mizizi na asali, ambao lugha yao ya kudoadoa ulimi wataalamu wa zamani waliiweka pamoja na za Wakhoisan, na wa leo wanaona kuwa imesimama peke yake bila ndugu. Siku ya mnada mtu anaweza kusikia zote nne kabla hajamaliza kunywa chai yake. Tena kuna jambo moja ambalo sisi mapadre hatuchoki kulitafakari: Wairaqw humwita Mungu Looaa na Wadatoga humwita Aseeta, na katika lugha zote mbili neno hilo hilo ndilo jua. Watu wasioelewana lugha walitazama juu wakasema jambo moja.

Sasa tuje kwenye kununua. Mahali pa kununua ni mnadani. Katesh ina mnada wake mkubwa, na Haydom na Dongobesh nako ipo minada. Upande mmoja ni ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Upande mwingine ni nguo, sufuria, viatu vya matairi, dawa za mifugo, na moshi wa nyama choma unaokuita kwa jina. Mgeni anunue asali. Anunue vitunguu saumu vya Mbulu, ambavyo ni vidogo kwa umbo na vikali kwa ladha, anunue maharage na mbaazi. Akitaka kitu cha kukumbuka safari, atafute vibuyu vilivyopambwa kwa shanga, na bangili za shaba za wahunzi wa Kidatoga. Wahunzi hawa huyeyusha vyuma chakavu, kufuli mbovu na vipande vya mabomba, kwa moto wa mkaa na mivukuto ya ngozi, wakatoa kitu kinachong'aa. Hao hao ndio ambao tangu zamani huwafulia Wahadzabe vichwa vya mishale, na kulipwa kwa asali na ngozi.

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo nasi. Si kila kilichopo mnadani kimetoka mikononi mwa watu wa hapa. Shuka nyingi zinazoitwa za Kimasai, shanga za plastiki na hata baadhi ya bangili zimetoka viwandani China, zikapita Dar es Salaam na Arusha mpaka zikalala juu ya turubai Katesh. Si dhambi kuziuza wala kuzinunua; mwenye duka naye ana watoto wa kusomesha. Lakini mgeni aulize: hiki kimetengenezwa na nani? Akiambiwa jina la mtu aliye hai, amenunua kitu pamoja na habari yake. Asipoambiwa, ajue amenunua bidhaa tu, na bei ya bidhaa ni tofauti na bei ya kazi ya mikono. Mama anayeshona shanga kwenye kibuyu siku tatu asishushwe bei mpaka alingane na mashine.

Mnadani hapo hapo tulishuhudia jambo ambalo limekuwa mwalimu wetu. Bibi mmoja wa Kibarbaig alikuwa ameketi akiuza vibuyu, amevaa bangili zake mpaka kwenye kiwiko, na usoni ana zile chale za duara kuzunguka macho ambazo wanawake wa rika lake huwa nazo. Wakaja wageni watatu kutoka mjini, Watanzania kama sisi. Mmoja wao, binti mdogo, akainua simu usawa wa uso wa bibi. Bibi akajifunika shuka. Akasema maneno kwa Kidatoga, na mjukuu wake akatugeuzia kwa Kiswahili: "Padre, bibi anasema, mwambie huyo mwanangu aje anisalimie kwanza. Anayeangaliwa bila kusalimiwa ni ng'ombe, tena siku ya kuuzwa."

Binti yule hakukasirika. Alikuja, akapiga magoti, akasema, "Shikamoo bibi," akataja jina lake. Bibi akataka kujua mama yake ni mzima, na kwao mvua imenyesha au haijanyesha. Wakazungumza kupitia kwa mjukuu kwa muda wa kuchemsha chai. Kisha bibi akajifunua mwenyewe, akarekebisha bangili zake, akasema sasa apige. Kibuyu kikanunuliwa bila mvutano mrefu. Picha ile iliyokwisha kupigwa ina watu wawili wanaocheka. Ile ya kwanza ingekuwa na shuka tu.

Mfanyabiashara mmoja wa hapa, muumini wetu, aliposikia habari hii alituambia yake. Yeye huenda China kuchukua mali, na amefika Yiwu, mji wa jimbo la Zhejiang ambao soko lake la jumla lina makumi ya maelfu ya vibanda; hapo ndipo hununuliwa kwa wingi vitu vidogo vidogo vinavyoijaza dunia, zikiwamo baadhi ya shanga na bangili tulizozitaja. Siku moja, alipomaliza shughuli zake, alipanda treni kwenda Hangzhou kutazama Ziwa la Magharibi. Akiwa amesimama ufukweni, watu wasiomjua walimzunguka wakampiga picha, mmoja baada ya mwingine, bila neno. Mmoja alimgusa nywele. Hawakuwa na nia mbaya, anasema. Hawakuwa wamezoea kuona mtu mweusi. Lakini aliporudi hotelini alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Dominika iliyofuata alikuwa Shanghai, akaingia Kanisa Kuu la Mtakatifu Inyasi huko Xujiahui, lililokamilika mwaka 1910. Hakuelewa neno hata moja, ingawa kila sehemu ya Misa aliijua. Wakati wa kupeana amani mzee mmoja wa Kichina alimshika mkono kwa mikono yake miwili na kumwinamia. "Padre," alituambia, "nilikwenda China kununua mali, lakini ninachokikumbuka ni ule mkono."

Ndugu hawa wawili, bibi wa mnadani na mfanyabiashara wa ufukweni, hawajapata kuketi pamoja, lakini wanasema jambo moja. Macho hayana pazia, na hakuna anayeweza kumkataza mgeni asione. Swali ni kama aliyetazamwa amebaki mtu au amegeuzwa kuwa kitu. Salamu ndiyo inayoamua.

Ziwa hilo la Hangzhou lina somo jingine, safari hii kwa ajili yetu wenyeji. Kuanzia mwaka 2002 wakuu wa mji ule waliondoa viingilio katika bustani nyingi zinazolizunguka, ambazo awali zilikuwa na kuta na tiketi. Wengi waliogopa kwamba mji utapoteza fedha. Ikawa kinyume: watu walikuja wengi zaidi, wakakaa zaidi, wakala, wakalala, wakanunua, na mapato ya mji yakaongezeka. Mwaka 2011 ziwa likaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hatusemi kwamba kibali cha Mlima Hanang kifutwe. Msitu unahitaji walinzi, na walinzi wanahitaji mshahara. Tunachosema ni kwamba faida ya mgeni haipo getini. Ipo katika kukaa kwake. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," nao hawakuwa wakimsema mgeni anayepita dirishani mwa gari. Mgeni anayelala hununua chakula cha jioni kwa mama ntilie, hulipa kitanda, humlipa kijana wa kumwongoza, na asubuhi hunywa maziwa kwa jirani. Hata wale wanafunzi wawili wa Emau walikuwa na mgeni wao njiani, nao hawakumtambua mpaka walipomsihi akae nao jioni, wakaketi mezani.

Lakini yako mambo ambayo hayamo mnadani, wala hayapaswi kuletwa huko. La kwanza ni makaburi. Wadatoga humzika mzee mwenye heshima kwa ibada iitwayo bung'eda, inayochukua miezi mingi na kukusanya mamia ya watu, na kilima kinachojengwa juu ya kaburi lake hubaki mahali patakatifu kwa ukoo wake. Mgeni asipelekwe huko kwa malipo. Akialikwa na wenye msiba, ni heshima. Asipoalikwa, apite mbali. Jambo hili si dogo. Anayesafiri kwenda Basotu ataona upande huu na huu tambarare za ngano, na wakati wa mavuno ni nzuri mno. Macho yake yaone ngano, lakini masikio yake yasikie pia kwamba tambarare hizo zilikuwa malisho bora ya Wabarbaig, na kwamba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Shirika la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilizigeuza kuwa mashamba makubwa mpaka yakafikia ekari zipatazo 100,000. Wafugaji waliondolewa, na makaburi ya wazee wao yakapitiwa na trekta. Taifa lilipata mkate, na watu fulani walipoteza mahali pa kuwalilia baba zao. Anayelijua hili ataelewa kwa nini mzee wa Kibarbaig huyakodolea macho magari ya wageni kabla ya kuitikia salamu.

La pili ni majina. Wengi huwaita Wadatoga "Wamang'ati". Jina hilo walipewa na Wamaasai, na maana yake ni adui. Tunawasihi wageni, na wenyeji pia, waulize watu wanajiitaje kabla ya kuwaita.

La tatu ni ndugu zetu Wahadzabe. Idadi yao yote ni zaidi kidogo tu ya watu 1,000. Mwaka 2011 wale wa Bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, jambo ambalo kwa watu waliokuwa wakisukumwa kutoka kila upande lilikuwa kama kupata pumzi. Wana elimu ambayo hakuna chuo kinachoitoa: wanajua mzizi upi una maji, mbuyu upi una nyuki, na namna ya kupigiana miluzi na yule ndege mdogo anayewaongoza mpaka kwenye mzinga. Lakini mahali pengine wageni wamezoea kufika kwao asubuhi, wakatazama mawindo ya saa mbili, wakaacha noti na kuondoka. Na noti hizo, mahali pasipo na duka la maana, mara nyingi huishia kwenye pombe. Mwenye kutaka kuwatembelea apitie uongozi wa kijiji, alipe malipo yaliyokubaliwa na jamii nzima, wala asipeleke pombe kama zawadi. Na ajiulize swali hili la moyoni: je, ningependa mtu aingie nyumbani kwangu wakati huu, kwa namna hii, na watoto wangu wakitazama?

Tumeacha jambo zito mpaka sasa, kwa sababu halikufaa kuwekwa katika orodha. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, Dominika ya kwanza ya Majilio, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imelewa maji ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka mpaka Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi na Jorodom vikiwamo. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Nyumba zilifukiwa, soko likajaa tope, na kwa siku nyingi askari na wananchi walichimba wakitafuta miili. Baadaye serikali ilijenga nyumba mpya huko Waret kwa ajili ya waliopoteza makazi. Mlima ule ule ambao tumewaalika mje kuutazama ndio uliotuliza.

Miezi kadhaa baadaye wageni walianza kuja, na baadhi yao hawakuja kuupanda mlima. Walitaka waonyeshwe mahali tope lilipopita. Kijana mmoja mwongozaji, ambaye siku ile alipoteza mama yake mdogo na watoto wake wawili, alitujia akiwa na mashaka. Je, ni halali kupokea fedha kwa ajili ya kuonyesha mahali kama hapo? Hatukumpa jibu la haraka. Tulimuuliza yeye huwa anafanyaje. Akasema: "Padre, wakiniuliza ninawapeleka. Lakini tukifika ilipokuwa nyumba ya mama mdogo, nawaomba waweke simu mfukoni. Nawatajia majina yao watatu na umri wao, nawaambia mama alikuwa anapika maandazi ya kuuza pale stendi. Nikimaliza, wanaotaka kupiga picha wapige. Wengi hawapigi."

Tulimwambia aendelee hivyo hivyo. Kijana huyu hakusoma teolojia, lakini alikuwa amelipata jibu kabla ya kutujia. Yule bibi alisema salamu kwanza. Huyu anasema jina kwanza. Wafu pia wanastahili kusalimiwa kabla ya kutazamwa.

Basi, kwa ndugu wanaokuja tunawaachia mambo matatu. Kwanza, laleni. Siku moja haitoshi kwa mlima, na haitoshi kwa watu. Pili, salimieni kabla ya kutazama, na ulizeni kabla ya kupiga picha. Jibu likiwa hapana, kubalini kwa uso mkunjufu. Tatu, nunueni kwa aliyetengeneza, kwa bei ambayo msingeona haya kuitaja mbele ya watoto wenu. Mkija na watoto, waelekezeni wawaulize wazee majina ya mababu, mpaka mzee mwenyewe achoke kuhesabu.

Na sisi wenyeji hatuna budi kujitazama. Tusimtajie mgeni bei mara tatu kwa kuwa amevaa kofia pana. Leo atalipa, kesho hatarudi, na atawaambia wenzake. Vijana wanaoongoza wageni wajifunze historia ya nchi yao kwa wazee wangali hai, wasibuni hadithi njiani. Wenye nyumba za kulala wageni watunze vyoo na mashuka kabla ya kutunza mabango. Wazazi wasiwafundishe watoto kukimbilia magari wakiomba pesa na peremende. Mtoto afundishwe kusema "Karibuni" na kutaja jina lake. Na miteremko ya Hanang tuiache iwe na miti. Mgeni akipotea njia ataelekezwa. Msitu ukipotea tutakaopata hasara ni sisi tunaolala chini yake.

Ibrahimu alikuwa ameketi mlangoni pa hema wakati wa jua kali, akaona watu watatu, akawakimbilia. Hakujua ni akina nani. Aliwapa maji ya kunawa miguu, kivuli cha mti, mkate na ndama, na ni baada ya kula ndipo wageni walipotoa habari waliyokuja nayo. Nasi tusiwe na haraka ya kujua mgeni ametuletea nini. Tumpe maji kwanza.

Tunawatakia Dominika njema, na wale walio safarini, safari njema.